Juisi ya balungi na komamanga ya kukinga kansa ya ini: kuna ukweli au nimeliwa pesa?

#1 MtuWaKayole
Jumapili, saa 3:12 usiku

Wadau, salamu. Baba yangu mdogo tulimzika Makueni mwezi uliopita, kansa ya ini. Tangu aanze kulalamika tumbo mpaka kaburini haikufika wiki tisa. Sasa mzee wangu, ambaye ndiye kaka mkubwa, ameshikwa na woga kwamba zamu yake imefika.

Juzijuzi nikipita Muthurwa nikapata jamaa ana chupa za lita moja, stika imeandikwa "Kinga ya Ini". Ndani ni balungi, komamanga na majani ya mstafeli. 1,800 chupa moja. Akaniambia utafiti umethibitisha kuna kemikali kwenye hayo matunda zinaua seli za kansa. Nikanunua mbili, mzee ameshaanza kunywa.

Nimesoma kidogo kwa simu, nikaona kumbe majina aliyotaja yapo kweli. Kuna naringini ya balungi, kuna resveratroli ya zabibu, na watafiti wamezishughulikia. Kwa hivyo jamaa si mwongo kabisa. Lakini kuna kitu hakinikai. Kwetu maembe tunakula mpaka mengine tunamwagia ng'ombe. Kama matunda yanakinga, mbona sisi?

Mwenye elimu anisaidie. Matusi wekeni mfukoni.

#2 DerevaWaRongai

Umeliwa. Uzi ufungwe.

#3 Mama_Machungwa

Mimi nauza matunda Ngara mwaka wa kumi na moja huu. Kwa hiyo 1,800 ningekujazia gunia dogo la balungi na bado ukabaki na nauli ya kurudi Kayole. Komamanga ndiyo ghali, na hakuna mtu anakamua komamanga za kutosha lita nzima akuuzie bei hiyo. Hiyo ni rangi. Uliza vizuri.

#4 FundiMaabara

Pole kwa msiba. Huyo jamaa ameshika mkia akasema ameshika ng'ombe mzima.

Kemikali zipo. Naringini ndiyo ule uchungu wa balungi, resveratroli iko kwenye ganda la zabibu nyekundu, mangiferini iko kwenye embe, elajitanini kwenye komamanga. Ukizimimina kwenye kisahani chenye seli za kansa ya ini, seli nyingi zinakufa. Hata dawa ya choo ukimimina zinakufa, kwa hivyo hapo hatujafika mbali.

Hatua ya pili ni panya. Wanapewa DEN, sumu inayotumika maabara kuotesha vivimbe kwenye ini, halafu kundi moja linapewa dondoo ya komamanga na jingine halipewi. Lililopewa huwa na vivimbe vichache. Hilo limechapishwa na sibishi. Lakini panya alilishwa dondoo kali kila siku, akaanzishiwa hata kabla ya sumu, na maisha yake yote ni ya kizimbani.

Kwa binadamu mambo hupotelea njiani. Elajitanini ya komamanga ikifika tumboni huvunjwa, kisha bakteria wa utumbo huigeuza kuwa urolithini, na si kila mtu ana bakteria hao. Watu wawili wanaweza kunywa chupa moja, mmoja apate kitu, mwingine akojoe pesa zake.

#5 KaluvuOriginal

Sisi wa Ukambani tunatengeneza kaluvu, pombe yetu, kwa tunda la muratina. Tunda. Mmesoma hapo? Nimekuwa nikikinga ini langu kila Jumamosi tangu 1998.

#6 BintiKibokoni

#5 umenichekesha mpaka chai imenipalia.

MtuWaKayole, pole sana. Mimi naogopa hayo majani ya mstafeli kuliko rangi ya Mama_Machungwa. Kwetu Mombasa stafeli twalila tunda lenyewe, likiwa limeiva, na si kila siku. Hii ya kuchemsha majani kutwa mara tatu imekuja na WhatsApp. Kule visiwa vya Guadeloupe, kwa Wafaransa wa Karibi, mwaka 1999 madaktari waliandika kwamba waliona wagonjwa wengi wa kutetemeka mfano wa Parkinson ambao dawa za kawaida haziwasaidii, na wengi walikuwa watumiaji wa stafeli na chai ya majani yake. Kuna kemikali humo yaitwa anonasini, inadhuru seli za neva. Hoja haijafungwa, lakini mimi sinywi.

#7 Mwanahabari_wa_Kona

Swali la maembe lina jibu rahisi: mahindi. Aflatoksini, sumu ya kuvu. Mwaka 2004 watu zaidi ya mia mbili walikufa Machakos kwa kansa ya ini kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu. Mmesahau haraka hivi?

#8 FundiMaabara

#7 umechanganya. Mwaka 2004 walioripotiwa kuugua ni 317, waliofariki ni 125, na wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Tena haikuwa kansa. Walikula sumu nyingi kwa muda mfupi, ini likafa kwa siku chache. Kansa ni ile sumu kidogo kidogo, ugali wa leo na wa kesho, miaka ishirini au thelathini. Aliyekufa 2004 alionekana. Wa kidogo kidogo haonekani, na hakuna gazeti linamwandika.

#9 Mwanahabari_wa_Kona

Sawa, nimekubali marekebisho. Lakini mahindi ni mahindi.

#10 MbongoSouthB

Habari zenu wakuu. Kwetu Tanzania tunaita sumukuvu, neno tamu kuliko hilo lenu la aflatoksini linalosikika kama jina la mchezaji wa Brazil.

Halafu mjue haiishi kwa kupika. Ugali uchemke utakavyo, sumu iko palepale, kuvu tu ndiyo inakufa. Mnakumbuka Machi 2021 mlipofunga mpaka mahindi yetu yasiingie? Tulikasirika, tukasema ni siasa.

#11 DerevaWaRongai

Ilikuwa siasa. Novemba 2019 KEBS, shirika letu la viwango, ilipiga marufuku chapa tano za unga hapa hapa kwetu kwa aflatoksini hiyo hiyo. Kuvu haina pasipoti.

#12 MtuWaKayole

Asanteni. Sasa niseme kitu sikusema mwanzo, kwa sababu nyumbani hatukisemi. Hospitalini walimpima baba mdogo wakasema ana hepataitisi B, virusi vya ini. Shangazi alituambia tunyamaze, watu wasije wakasema marehemu alikuwa na mambo ya nje. Matangani tukasema ni homa ya manjano.

#13 NesiMstaafu_Buruburu

Mwanangu, homa ya manjano ni kitu kingine kabisa, hiyo huletwa na mbu na ina chanjo yake. Macho kuwa ya njano ni dalili tu, inaonyesha ini limelemewa, na magonjwa mengi huleta hivyo. Nimefanya wodi miaka thelathini na moja, na hilo jina limeficha magonjwa mengi sana.

Na mwambie shangazi yako, kwa heshima, kwamba hepataitisi B mara nyingi huku kwetu mtu huipata akiwa mtoto. Mama humwambukiza wakati wa kuzaliwa, au watoto huambukizana wakicheza, mikwaruzo na vidonda. Ukiipata mchanga, mwili hushindwa kuifukuza, unakaa nayo kimya miaka arobaini. Baba yako na marehemu ni mama mmoja?

#14 MtuWaKayole

Mama mmoja. Wako sita.

#15 NesiMstaafu_Buruburu

Basi wapimwe wote. Tone la damu, dakika chache. Hiyo kwanza, juisi baadaye.

#16 Kijana_wa_Roysambu

Si Wakenya wote walichanjwa hiyo wakizaliwa?

#17 NesiMstaafu_Buruburu

Hapana. Iliingia kwenye chanjo za watoto mwaka 2001, ile sindano ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Uliyezaliwa kabla ya hapo hukuchanjwa, labda ujichanje mwenyewe ukubwani, dozi tatu. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga 1984, na kansa ya ini kwa watoto ikashuka. Hiyo ndiyo kinga ya ini nimeona ikithibitishwa kwa watu, na haina ladha ya komamanga.

#18 Mwanahabari_wa_Kona

Kwa hivyo ni virusi, si mahindi? Mnanichanganya.

#19 FundiMaabara

Vinaweza kuwa vyote viwili, na hapo ndipo hesabu hutisha. Kuna utafiti wa Shanghai uliofuatilia wanaume maelfu kwa miaka. Mwenye dalili za aflatoksini kwenye mkojo hatari yake ilikuwa kama mara tatu hivi ya asiye nayo. Mwenye hepataitisi B, kama mara saba. Mwenye zote mbili, karibu mara sitini. Jumlisha 3 na 7 uone kama unafika huko.

#20 KaluvuOriginal

Na pombe je? Naulizia jirani.

#21 FundiMaabara

Jirani yako ajihesabu pia. Pombe huleta sirosisi, ini linakakamaa na kujaa makovu, na kansa hupenda kuota hapo. Busaa ina ziada yake: mahindi mabovu ambayo mama amekataa kupikia watoto mara nyingi ndiyo huishia kwenye busaa.

#22 Shemeji_Mnene

Mimi sinywi, nimechanjwa, na ugali nimeacha kwa sababu ya sukari. Daktari ameniambia nina mafuta kwenye ini. Kwa hivyo tuongeze na hiyo. Na unajua ameniambia niache nini? Juisi. Nilikuwa nakunywa jagi la maembe kila asubuhi nikijua najitunza. Sukari ya matunda ini ndilo hubeba kazi kubwa ya kuichakata, na ukikamua matunda manne ukatupa nyuzinyuzi, umelipa mzigo wote mara moja. Tunda nile, juisi niwaachie nyinyi.

#23 Mama_Machungwa

#22 usiniharibie biashara usiku huu. Niko na blenda pia.

#24 BintiKibokoni

Sasa turudi kwa swali lake la maembe, maana mmelikimbia. Kama haya matunda yana kinga, watu wa Makueni wangeonyesha. Kuna mtu ashapima watu badala ya panya?

#25 FundiMaabara

Yupo. Mwaka 2014 kulichapishwa muhtasari uliojumlisha tafiti 19, watu zaidi ya milioni moja na robo. Waliokula mboga zaidi walikuwa na saratani ya ini kidogo zaidi, pungufu kama asilimia 8 kwa kila gramu 100 za mboga kwa siku. Matunda? Hayakuonyesha tofauti.

Samahani Mama_Machungwa.

#26 MamaMboga_Kangemi

NIMEAMKA. Rudia hapo.

#27 Mama_Machungwa

Huyu nani alimwita 😂

#28 FundiMaabara

Na iko nyingine. Qidong, Uchina, sehemu yenye sumukuvu nyingi (nimetumia neno la MbongoSouthB, ana haki). Mwaka 2001 walitoa matokeo ya watu 180 waliogawanywa, nusu wakipewa klorofilini, kitu kinachotengenezwa kutokana na ule ukijani wa majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne. Waliokunywa, alama ya uharibifu wa DNA kutokana na aflatoksini kwenye mkojo wao ilishuka kwa asilimia 55. Inasemekana klorofilini hushikamana na sumu tumboni, isipite kwenda kwenye damu. Lakini walipima mkojo, hawakungoja miaka ishirini kuona nani amepata kansa. Kwa hivyo MamaMboga asipandishe bei bado.

#29 MamaMboga_Kangemi

Nimechelewa kusoma hiyo sentensi ya mwisho. Sukuma imepanda.

#30 Kijana_wa_Roysambu

Si rahisi basi, nanunua vidonge vya hizo kemikali namalizana nayo? Zinauzwa mtandaoni.

#31 FundiMaabara

Pole pole. Finland waliwapa wavutaji sigara vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti na embe. Wanaume 29,000 na zaidi. Walitarajia saratani ya mapafu ipungue. Matokeo ya 1994: iliongezeka, asilimia 18 hivi. Na vidonge vya dondoo la chai ya kijani vimewahi kuumiza ini lenyewe, mpaka Ulaya mwaka 2018 wakatoa tahadhari kuhusu dozi ya miligramu 800 za EGCG, kemikali yake kuu, kwa siku kwenda juu. Kitu kikiwa ndani ya tunda na kitu hicho hicho kikiwa kwenye chupa ya vidonge ni ndugu wa mbali.

#32 NesiMstaafu_Buruburu

MtuWaKayole, nimelala nikaamka na swali. Mzee wako anatumia dawa gani? Usiseme hakuna, wazee wa umri huo wote wana mfuko.

#33 MtuWaKayole
Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Presha. Nimempigia anisomee pakiti: nifedipini. Kuna nyingine ya kukojoa. Kwa nini?

#34 NesiMstaafu_Buruburu

Na anakunywa hiyo juisi ya balungi siku ya ngapi?

#35 MtuWaKayole

Ya tano. Glasi ndogo asubuhi, glasi ndogo usiku. Sasa umenitia baridi. Amekuwa akisema akiinuka kichwa kinazunguka, tukadhani ni kufunga kwa ajili ya maombolezo.

#36 FundiMaabara

Asimamishe juisi leo. Asisimamishe dawa. Apimwe presha asubuhi hii kwenye zahanati yoyote iliyo karibu, na aende na chupa na pakiti.

Nieleze kwa nini. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya, CYP3A4, kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Balungi lina vitu vinavyoitwa furanokumarini, vinakiharibu. Nifedipini inaingia kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari, presha inashuka kupita kiasi. Na haisaidii kunywa juisi asubuhi na dawa usiku, kwa sababu mwili unahitaji siku moja mpaka tatu kutengeneza kimeng'enya kipya.

Ajabu ni kwamba waligundua kwa bahati. Kanada, mwisho wa miaka ya 1980, walikuwa wakichunguza pombe na dawa ya presha ya jamii hiyo hiyo, felodipini. Wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Dawa kwenye damu ikapanda ajabu, na mchawi akawa juisi.

#37 BintiKibokoni

Ya Rabi. Na machungwa ya kawaida?

#38 FundiMaabara

Chungwa tamu halina shida hiyo. Danzi linayo.

#39 BintiKibokoni

Danzi twatilia achari. Nitamwambia mama.

#40 DerevaWaRongai

MtuWaKayole naondoa ile ya "uzi ufungwe". Mpeleke mzee.

#41 MwanaNyeri_wa_Umoja

Wakati tukimngoja, mimi nataka niulize kwa nini hakuna aliyetaja tunda moja lenye ushahidi kwa watu. Kahawa.

#42 Kijana_wa_Roysambu

Kahawa si tunda.

#43 MwanaNyeri_wa_Umoja

Nimechuma kahawa tangu nina miaka saba. Ni tunda, jekundu kabisa, tamu ukilimung'unya, na unachokaanga ni mbegu yake. Mwaka 2016 jopo la IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani lililoko Lyon, lilipitia tafiti zaidi ya elfu moja kuhusu kahawa, na kati ya mambo waliyoona ni kwamba wanywaji walikuwa na saratani ya ini kidogo zaidi. Sisi tunalima, tunapakia magunia, tunapeleka Ujerumani na Marekani wakinge maini yao, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai.

#44 BintiKibokoni

Semeni nyinyi wa bara. Sisi kahawa tungu iko kila kona, na halua juu.

#45 Shemeji_Mnene

Halua ndiyo imenifikisha #22.

#46 MbongoSouthB

Lakini mkuu #43, si inawezekana kwamba mgonjwa wa ini huacha kahawa kwa sababu inamchefua, halafu inaonekana wanywaji ndio wazima? Yaani kinyume.

#47 FundiMaabara

Swali zuri, na limeulizwa. Tafiti za kufuatilia watu kabla hawajaugua bado zinaonyesha tofauti, ila kupunguza hatari si kuifuta. Na jopo hilo hilo lilisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Hapo naangalia chai ya Mkenya ikitoka jikoni.

#48 DerevaWaRongai

Chai sasa? Mtatuachia maji tu.

#49 MtuWaKayole
Jumatatu, saa 10:25 alasiri

Nimerudi. Presha ya mzee ilikuwa 92 kwa 58. Walimlaza kitandani kwa muda wa saa mbili, ikapanda kidogo, wakamruhusu. Daktari mdogo aliangalia chupa akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona pakiti. Juisi basi, dawa aendelee, arudi kesho kutwa.

Shida ni kwamba mzee naye ana msimamo wake. Anasema kama juisi iliteremsha presha hivyo, basi ni juisi nzuri na aache vidonge, kwa sababu juisi ni tamu. Nimebishana naye kutoka zahanati mpaka nyumbani.

#50 NesiMstaafu_Buruburu

Mungu ni mwema. Mwambie si juisi iliyoteremsha, ni vidonge viwili vilivyovaa koti la kimoja. Na kipimo cha hepataitisi?

#51 MtuWaKayole

Amekubali, Alhamisi. Shangazi pia, kimya kimya. Baba wadogo wawili wamekataa, wanasema marehemu alirogwa kwa sababu ya shamba la mtoni.

#52 KaluvuOriginal

Hiyo nayo iwekwe kwenye orodha. Mahindi, virusi, pombe, mafuta, shamba la mtoni.

#53 Mwanahabari_wa_Kona

Mimi bado nasema mahindi. Hata hiyo hepataitisi mngeipata mkiwa hamli kuvu, marehemu angekuwa hai.

#54 NesiMstaafu_Buruburu

Na mimi nasema angechanjwa angekuwa hai hata akila gunia bovu.

#55 FundiMaabara

Gunia bovu zima, hapana, mama. Umesahau wa 2004.

#56 MbongoSouthB

Jamani, na ile muthokoi ya Wakamba, mahindi ya kukobolewa? Nilisikia kukoboa kunapunguza sumukuvu.

#57 FundiMaabara

Ndiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, na hizo ndizo zinazotolewa kwenye kinu. Haimalizi yote. Chambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi kabla, hapo ndipo pana faida kubwa zaidi. Lakini mtu akimpa kuku pumba zile, amehamisha tu shida.

#58 MtuWaKayole
Jumanne, saa 1:50 usiku

Nimepitia Muthurwa jioni nimtafute yule jamaa anirudishie pesa ya chupa ya pili, haijafunguliwa. Nimempata. Amekataa. Lakini stika za ini amezibandua, sasa zinasema "Kinga ya Figo". Rangi ile ile, 1,800 ile ile. Nilipomuuliza balungi imeenda wapi akasema hii ni fomula mpya.

#59 Mama_Machungwa

Nilisema ni rangi.

#60 MbongoSouthB

Pole mkuu. Mzee aendelee vizuri. Na samahani kuuliza kwenye uzi wa msiba, hiyo muthokoi inapikwaje? Nimeona inauzwa Marikiti nikaogopa kununua.

#61 MtuWaKayole

Usijali, mzee mwenyewe amefurahi umeuliza, yuko hapa. Anasema iloweke usiku kucha, umwage maji, ichemshwe mpaka iwe laini ndipo uongeze mbaazi, vitunguu na chumvi. Usiweke royco, atajua.

#62 MbongoSouthB

Mbaazi kavu au mbichi?